Rangi ya Ganda la Karanga

4 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka kwetu, sote tupo na tunapumua. Kiwandani wamenitoa kwenye kukanda unga wamenipeleka kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo mchana kutwa ni kofia kichwani na jasho mgongoni. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi. Mama hajambo. Goti lako linaendeleaje? Na baba mdogo, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta?

Sasa niseme kilichonileta. Nataka kurudisha nywele zangu ziwe za kahawia kama zamani. Sijui kama ulisikia kwamba nilizipaka nyeusi. Siku moja niliona mvi kwenye kioo, nikapata kiwewe, nikaenda dukani nikachukua boksi la kwanza lililokuwa karibu na mkono wangu. Tangu hapo kila zikiota narudia, mwaka wa tatu huu. Ni nyeusi ti, hata juani hazing'ai. Nazitaka za kahawia kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, na sitaki zikatike. Zinafika mabegani, na mabegani zibaki.

Jirani ameniambia nipake tu rangi ya kahawia juu ya hiyo nyeusi, mchezo umekwisha. Boksi nimeshalinunua, liko chini ya kitanda. Nikaona kabla sijalifungua nikuulize wewe mwenye saluni.

Tafadhali usinipigie simu. Nyumba yetu unaijua, kuta ni za mbao na mama anasikia hata mtu akifikiri. Andika kwa anwani ya kiwanda.

Mwanao,
Chiriku

22 Februari

Chiriku,

Marahaba. Goti linauma nikipanda ngazi, nikishuka halina neno, basi siku hizi nimekuwa mtu wa kushuka tu. Baba yako mdogo bado anakoroma. Majirani wa kulia wamehama, wa kushoto ni kiziwi, tumepata amani. Saluni ipo. Bomba la sinki la kuoshea lilipasuka, baba yako mdogo akalifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, eti fundi wa nini. Sasa linamwagia wateja maji masikioni na mimi ndiye ninayetukanwa.

Hilo boksi mwachie paka alilalie. Simu hata mimi siitaki kwa mambo haya, maana kwenye simu mtu anasikia anachotaka. Kwenye karatasi utarudi kusoma nilichokuambia.

Rangi haitoi rangi, mwanangu. Ukipaka kahawia juu ya nyeusi utapata nyeusi. Kitakachobadilika ni ile mizizi mipya peke yake, utawaka juu kama taa na huku chini giza. Hata mimi na uzoefu wangu wote siwezi kuilazimisha rangi ya boksi ifanye hivyo.

Na blichi usiiguse! Juzi kaletwa hapa msichana, mzuri kweli, kajipaka blichi nyumbani juu ya nyeusi, kaenda kutazama tamthilia. Tamthilia ilikuwa tamu. Nilipozishika zile nywele zikiwa mbichi zilivutika kama tambi zilizoiva kupita kiasi, kisha zikabaki mkononi mwangu. Ilibidi nimnyoe. Yeye alilia, mimi nikalia, na baba yako mdogo aliyekuja kuangalia bomba naye akatoka nje kufuta miwani.

Wewe kwanza acha kupaka, kabisa. Nunua sabuni ya mba, ile kali, uoshee mara moja kwa wiki na si zaidi. Inakwangua rangi polepole. Ukimaliza, paka mafuta ya uvuguvugu, funga taulo la moto, ukae nalo huku unapika. Ncha zipunguze kwa upana wa kidole. Najua utanuna, lakini ncha ndizo zilizokunywa rangi nyingi kuliko sehemu yoyote, na ndizo zitakazokuaibisha mbele ya safari. Dawa ya kuondolea rangi, ile isiyo na blichi, nitakuelekeza baadaye. Kwa sasa hata usiniulize.

Swali langu mimi ni hili: mwezi wa sita kuna nini? Unaolewa? Kama unaolewa sema nitafute kitambaa mapema. Mtu hapatwi na hamu ya namna hiyo kwa ajili ya tanuri la mikate.

Wasalimie hapo. Paka naye umsalimie na wanawe.

Mama yako mdogo

15 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Siolewi. Ningeolewa ungesikia vigelegele bila barua. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja nimempa mlinzi wa kiwandani. Sabuni ya mba inafanya kazi, maji yanatoka kijivu kama ya kuoshea sufuria. Ncha nimekata. Ndiyo, nimenuna.

Umemsalimia paka, hukumsalimia mama. Niliirudia barua nikidhani nimeruka mstari. Kumbe hakuna mstari.

Basi nitasema, ingawa mama kaniapisha nisimwambie mtu, na wewe zaidi. Mama haoni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilianza kama ukungu kabla hata sijazipaka hizi nywele, rangi zikawa zinampotea, akawa anazilaumu taa, kila siku nabadilisha balbu. Sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Anapika kwa kupapasa na mimi ananijua kwa hatua zangu. Watamfanyia upasuaji mwisho wa mwezi wa sita, jicho la kulia kwanza. Daktari anasema wakifungua bandeji ataona, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa mbele yake.

Sasa sikia anachomwambia kila mgeni anayeingia kwetu. "Mimi kitu ninachotaka kukiona kwanza ni nywele za mwanangu. Rangi ya ganda la karanga, kama za marehemu mama." Kisha ananivuta, ananishika kichwa, anawaambia, "Hebu zitazameni!" Wageni wanatazama nywele nyeusi kama masizi. Wananitazama mimi. Wananyamaza. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia, na mimi kila siku najiambia leo nitasema, neno linafika mdomoni nalimeza. Sitaki kitu cha kwanza atakachokiona duniani kiwe ni uongo wangu.

Huwezi kuja? Siku mbili tatu tu. Unanifanyia wewe mwenyewe, na mengine wewe na mama mtayaona hukuhuku.

Mwanao,
Chiriku

20 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Hapa hatujambo. Wapangaji wapya wameingia upande wa kulia, bado hawajajua habari ya kukoroma. Nimechelewa kujibu. Kalamu ilikuwepo na karatasi ilikuwepo.

Kuja siji.

Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati ule, uliambiwa nusu. Saluni hii tuliianzisha wawili, mimi na mama yako. Yeye alimimina maji, mimi nilifanya kazi ya vidole. Wakati huo hatukuwa na bomba, tulikuwa na ndoo na jagi, na hakuna mtu aliyejua kumimina kama yeye. Wateja walisinzia shingo ikiwa imekunjwa. Basi bibi yako alipolala kitandani siku zile za mwisho, nywele zake zimekuwa nyeupe zote, akaniita akaniambia, "Nirudishie rangi yangu. Siondoki hivi." Nikamwambia mama yako achemshe maji aje amimine. Akasema mgonjwa hapakwi rangi, tunacheza na mtu mzima. Akasimama mlangoni, mikono kifuani. Basi nikamimina mwenyewe kwa mkono mmoja, nusu kichwani nusu kitandani. Bibi yako alijitazama kwenye kioo akacheka mpaka akakohoa.

Wiki haikuisha akafariki. Na mama yako akasema mbele ya watu waliokuja kutupa pole, wamejaa sebule nzima, kwamba nimemmaliza mama kwa baridi, kwa ajili ya urembo. Mbele ya watu, Chiriku! Nilichukua mkoba wangu, na tangu siku ile hajaniita na mimi sijaenda. Ndiyo hivyo. Tuendelee na nywele.

Dawa nimekutumia kwenye kifurushi, chupa mbili, unachanganya zote kwa pamoja. Kwanza jaribu kwenye kishungi kidogo nyuma ya sikio, uone nywele zinavyoipokea. Kikikatika acha, kikiwa kizima endelea. Gawa kichwa mafungu manne, anza kisogoni, na zile za mbele za masikioni ziwe mwisho, kwa sababu ni laini na zinashika upesi. Itanuka yai bovu. Usishtuke, ndiyo harufu yake.

Kisha suuza, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Dawa hii haiifuti rangi, inaivunja vipande vidogo vidogo ndani ya unywele, na kazi ya kuvitoa ni ya maji. Visipotoka vitaungana tena, kesho yake unaamka mweusi kama jana. Ukidhani umemaliza kusuuza, jua umefika nusu. Maji ya uvuguvugu, mengi, na usiwe na haraka.

Habari ya macho nimeisikia. Siku hizi madaktari wanatoa mtoto wa jicho kila siku, watu wanarudi nyumbani kwa miguu yao. Asiogope. Usimwambie kwamba hilo limetoka kwangu.

Mama yako mdogo

18 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi tupo, ila mimi sina hali. Nimeharibu.

Nilijaribu kishungi kama ulivyosema, kikatoka kizima. Nikasubiri Jumapili mama alale mchana. Nikagawa mafungu manne, nikaanza kisogoni, nikavaa mfuko wa plastiki kichwani, nikakaa jikoni kimya kama mwizi. Ule mfuko ulipofunguka, Mungu wangu! Uliniambia harufu, hukuniambia ukubwa wake. Nikainama kwenye sinki nikaanza kusuuza, na nakuambia niliona kahawia, niliiona kwa macho yangu, rangi ya kutu inang'aa, nikataka kupiga kelele kwa furaha.

Mara mama anaita kutoka chumbani. "Chiriku! Kuna yai limeoza humo!" Nikasema hakuna, mama. "Hakuna nini, pua yangu haijaenda kwa daktari!" Akaja huku anapapasa ukuta. Nikajifunga taulo haraka. Unajua trei ya mayai niliyonunua kwa muuzaji wa mtaani? Alichukua yai mojamoja akalinusa, na kwa kuwa jikoni kote kulikuwa kunanuka, yote aliyaona yameoza. Akaenda nayo trei nzima mpaka kwenye pipa la nje. Jirani akatoka kuuliza, mama akamwambia asinunue mayai tena kwa yule muuzaji. Muuzaji wa watu hana kosa lolote! Mpaka nimemrudisha kitandani, taulo limekauka kichwani. Nikasuuza tena kidogo kwa kuibia, bomba nimelifungua kama uzi ili asisikie.

Asubuhi niliamka mweusi. Kama ulivyoandika.

Kiwandani nililia ndani ya kofia. Mwezi wa sita ndio huo unagonga. Duka la kona wana blichi, yule muuza duka anasema ukiiweka kidogo haina madhara. Mama jana kamwambia muuguzi aliyekuja kumpima presha habari za nywele zangu, muuguzi akanikodolea macho. Niambie la kufanya, mama mdogo, na uniambie upesi, maana mkono wangu unawasha kwenda dukani.

Chiriku

25 Mei

Wewe Chiriku,

Salamu utazikuta mwishoni. Ukiigusa hiyo blichi nitakuja kukunyoa mwenyewe, na goti langu hili.

Nimecheka habari ya mayai mpaka mteja akaniuliza kama mimi mzima. Halafu nikakaa nikaona si ya kuchekea.

Hujaharibu. Nywele ni nzima, rangi ndiyo imerudi, basi. Nimetuma chupa nyingine kwa basi la jioni zifike haraka. Ziache nywele zipumzike kwanza, mafuta na taulo la moto, ukifika katikati ya mwezi ndipo urudie. Na safari hii tafuta mtu wa kukumiminia maji. Mtu hawezi kujisuuzia kisogo chake, maji yote yanakimbilia mbele na kisogoni kunabaki kunata. Jirani, mwenzako wa kiwandani, yeyote mwenye mkono mtulivu. Amimine taratibu, wewe ukamue kwa vidole kuanzia chini kwenda juu.

Zikishakauka zitakuwa na rangi ya kutu. Usifurahi sana wala usilie. Kaa siku kadhaa, kisha mwondoe paka kwenye lile boksi lako. Liwe la kahawia hafifu, hafifu kuliko unavyotaka, maana nywele zilizotolewa rangi zina kiu na zinakunywa kupita kiasi. Likiwa limeandikwa kahawia iliyokolea, mrudishie paka ukanunue jingine. Hizo mvi ziache zipate rangi pamoja na wenzao.

Mayai ya watu uyalipie kwa neno zuri. Mwambie muuzaji yule yalikuwa mazima.

Wasalimie hapo nyumbani. Wote.

Mama yako mdogo

30 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi ya macho. Nimeona neno "wote" kwenye barua yako. Nililisoma taratibu.

Nikueleze kwa mpangilio. Jirani aliahidi kuja kunimiminia maji, nikapaka dawa nikimsubiri, akatuma mtu kusema amepata mgeni. Nikabaki na mfuko kichwani na muda unakwenda. Nikaingia jikoni nikarudisha mlango, nikainama, nikawa najimwagia kwa jagi mwenyewe. Mlango ukafunguka. Mama kasimama pale pale mlangoni, mikono kifuani.

"Lile yai limerudi," akasema.

Akaja, akanigusa kichwa, akanusa vidole vyake. "Hili si yai. Hii dawa mimi nimeinusa miaka yote ya saluni, siku ile mafua yalinipumbaza tu. Unatoa rangi gani?" Nikamwambia nyeusi. Nikamwambia yote, mama mdogo, nikiwa nimeinamia sinki, maana ukiwa umeinama maneno yanatoka vizuri. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe wale wageni walikuwa wananyamaza kwa hilo! Na mimi nikadhani ni uzuri wa nywele umewashangaza." Kisha akaninyang'anya jagi. "Unamimina kama mtu anayezima moto. Inama sawasawa."

Akamimina. Alipima joto la maji kwa kifundo cha mkono, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso ili yasiingie machoni. Haoni, na hakuna tone lililoanguka sakafuni. Ndoo baada ya ndoo. Mimi nikasema sasa imetosha, akasema bado, unywele ukiwa umetosha unalia kwenye vidole. Nilikuwa sijui kwamba unalia. Kweli ulilia.

Katikati ya maji akaniuliza, "Nani kakufundisha kuanza kisogoni?"

Nikajifanya maji yameniingia masikioni.

"Huyo aliyekufundisha, hakukuambia uzibe masikio?"

Ndipo nikaropoka. "Kwake bomba linamwagia watu maji masikioni, atanifundishaje?" Mama mdogo, alicheka! Alicheka mpaka jagi likamtoka mkononi, na ndipo maji yalipomwagika sakafuni kwa mara ya kwanza. Kisha akaliokota akaendelea. Ila nilisikia anavuta pua, na mafua safari hii hakuwa nayo.

Lile boksi la paka lilikuwa la kahawia hafifu. Nililipaka wiki iliyofuata.

Leo asubuhi wamefungua bandeji. Nilikaa mbele yake roho juu, nimezichana nimeziachia mabegani. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, akalipepesa. Akanitazama, na nakuambia alinitazama, si kuelekea upande wangu tu. Daktari akamuuliza anaona nini.

"Namwona mwanangu," akasema. "Amezeeka."

Daktari akacheka, mimi nikawa nalia na kucheka. Akanivuta, akashika nywele akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza upande huu na huu kama anayenunua kitambaa. "Ganda la karanga," akasema. "Ila hii karanga imekaangwa kidogo." Kisha akanigeuza aone nyuma, akapitisha kidole kisogoni. Akaomba kalamu. Muuguzi akamwambia haruhusiwi kuchosha jicho, asisome wala asiandike. Akamjibu kwamba jicho ni lake na mdogo wake ni wake. Nimemshikia karatasi hapa chini. Mistari imepanda mlima, uvumilie.

Mwanao,
Chiriku

Mdogo wangu,

Huyu mtoto kisogoni ameacha doa jeusi, upana wa kiganja. Nimeliona kwa jicho moja. Njoo ulitoe kabla hawajanifanyia la pili.

Nywele za mama zilitoka vizuri. Nilikuwa pale mlangoni, nilimwona anavyocheka. Nilipaswa kusema hivyo mbele ya watu wale wale wa msibani.

Njoo. Maji nitamimina mimi.